Geay hakukata pumzi Valencia

Desemba 4, 2022, Gabriel Geay alimaliza marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2:03:00. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kukimbia umbali huo kwa muda huo. Hata hivyo alikuwa wa pili, sekunde 67 nyuma ya Kelvin Kiptum wa Kenya, kijana aliyekuwa akikimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani. Ukiangalia pengo hilo tu, utasema Geay alikata pumzi. Hesabu zinakataa.

Kundi la mbele lilipita nusu ya njia kwa dakika 61 na sekunde zinazokaribia 40. Toa muda huo kwenye 2:03:00 na kinachobaki ni dakika 61 na sekunde 20 hivi. Yaani Geay alikimbia nusu ya pili kwa kasi kubwa kuliko ya kwanza, jambo ambalo wakimbiaji wengi hulitafuta. Mzaliwa huyu wa Mbulu anayefanyia mazoezi yake Arusha alitunza nguvu vizuri, akagawa mwendo vizuri, na akafika mwisho akiwa bado anakimbia. Kwangu mimi hiyo ni kati ya marathoni zilizopangwa vizuri kuliko zote alizowahi kukimbia Mtanzania.

Sasa alishindwaje? Baada ya kilomita 30 Kiptum alichomoka. Sekunde 67 ukizigawa kwa kilomita 12 na kidogo zilizobaki, unapata zaidi ya sekunde tano kila kilomita. Geay alikuwa akikata kilomita kwa dakika 2 na sekunde 55 hivi, mwenzake akashuka hadi karibu na 2:50. Kiptum alimaliza kwa 2:01:53, na nusu yake ya pili ilikuwa kama dakika 60 na robo. Alexander Mutiso aliyeshika nafasi ya tatu kwa 2:03:29 na Tamirat Tola wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, hawakumfuata pia. Hakuna aliyekuwa na dawa ya kasi ile. Miezi kumi baadaye, Oktoba 2023, Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 kule Chicago, kabla ya ajali ya gari kumchukua Februari 2024, kifo ambacho bado kinauma kwa kila anayependa riadha.

Tanzania ina kumbukumbu ya Desemba nyingine kama hiyo. Mwaka 1983 kule Fukuoka, Japani, Juma Ikangaa alikimbia 2:08:55 na Toshihiko Seko akampita mwishoni kabisa kwa sekunde tatu. Ikangaa alizoea kukaa mbele na kuvuta wenzake. Seko alikaa nyuma yake, akasubiri uwanjani. Kushindwa kule kulitokana na mbio fupi ya mita za mwisho. Ugonjwa huo umepata tiba: Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Simbu naye ni mtu wa mazoezi ya Arusha. Kwa hiyo kumalizia tunaweza. Ila ubingwa wa aina ile, wa joto na wa kuviziana, haukufundishi kukimbia kilomita 12 kwa 2:50 miguu ikiwa tayari imebeba kilomita 30.

Hapa ndipo mazingira ya Mlima Meru yanapotupa na kutunyima. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukipanda miteremko ya mlima unapata kimo kikubwa zaidi bila kusafiri mbali. Hewa nyepesi hujenga damu, milima hujenga mapaja. Lakini maandalizi ya mbio za Desemba yanaangukia vuli. Mvua ikinyesha, udongo wa volkano kwenye njia za miteremko unanata kwenye soli, kiatu kinakuwa kizito, na mkimbiaji anafupisha hatua ili asiteleze. Viatu vya siku hizi vyenye bamba la kaboni vinahitaji lami ngumu ndipo virudishe nguvu. Kwenye tope ni hasara tupu.

Lami ipo. Barabara ya mchepuko inayozunguka kusini mwa jiji, kutoka upande wa Usa River hadi upande wa Ngaramtoni, ina urefu wa kilomita 42 na ushei, karibu marathoni nzima. Ina vilima na ina malori, lakini ningekuwa mwalimu wa kikosi pale, mazoezi makuu ya wiki ningeyafanyia huko alfajiri: kilomita 25 za mwendo wa wastani, kisha kilomita kumi zinazozidi kushuka muda, ya mwisho ikiwa ya kasi kuliko zote. Na nisingempeleka mtu peke yake. Wakenya wa Iten na Kaptagat wanaamka asubuhi na kukuta kundi la watu wengi wa kiwango chao. Arusha mtu wa 2:03 anaweza kumaliza wiki nzima bila wa kumsukuma. Hilo linaniumiza zaidi ya suala la barabara, kwa sababu vipaji tunavyo na tunaviacha vikimbie vyenyewe.

Baada ya Valencia ile Geay alikuwa wa pili Boston, Aprili 2023, kwa 2:06:04. Desemba hiyo alirudi Valencia. Safari hii wa mbele walipita nusu chini ya dakika 61, Sisay Lemma wa Ethiopia akashinda kwa 2:01:48, na Geay akawa wa tano kwa 2:04:33. Februari 2025 alishinda Daegu, Korea Kusini, kwa 2:05:20. Muda haukushuka, lakini ushindi wa Daegu unaonyesha mguu upo.

Kushusha 2:03:00 hadi 2:02:00 kunadai sekunde moja na nusu tu kwa kila kilomita. Nisingezitafuta sekunde hizo mwanzoni. Kufungua kwa dakika 60 na nusu ni kujitafutia balaa kwenye kilomita ya 35. Mpango wa 2022 ubaki karibu vilevile: nusu kwa 61:30, waweka kasi wafikishe 30, halafu Geay mwenyewe aanzishe, asisubiri mwingine achomoke. Matokeo ya marathoni yake ijayo yakitoka, nitatafuta kwanza muda wa kilomita tano za kati ya 30 na 35. Ukiwa chini ya 14:20, rekodi ya Tanzania iko hatarini.