Nyumba Kumi Katika Baridi ya Julai: Ulinzi wa Mtaa Unavyofanya Kazi Isinya

Ulaya, majira ya baridi yakikaribia, polisi huanza kuwaonya raia juu ya wizi wa majumbani, na sababu yao kubwa ni giza. Desemba mjini London jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Wenye nyumba bado wako kazini, dirisha halina taa, na anayepita barabarani kwa nia mbaya anatambua bila taabu palipo na watu na pasipo na watu. Isinya hatuna giza la namna hiyo. Tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni na ule wa Desemba haupishani urefu hata kwa robo saa. Kinachobadilika hapa kuanzia Juni hadi Agosti ni watu, na ulinzi wa mtaa, kama ulivyoundwa Kenya, umejengwa juu ya watu.

Pita Noonkopir, Kitengela, saa mbili usiku mwezi wa Februari. Mama mboga bado amewasha taa kibandani, vijana wamekalia pikipiki stejini, watoto wanakimbizana ujiani, wapangaji wameketi milangoni wakisubiri chumba kipoe. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kulinda, lakini mgeni hawezi kupita mbele yao na televisheni begani asiulizwe. Rudi hapo Julai. Upepo wa tambarare za Athi na Kapiti unakata masikio, mama mboga amekunja turubai mapema, stejini kumebaki mwendeshaji mmoja aliyejifunga shuka hadi puani. Madirisha yamefungwa. Mabati yanagongana usiku kucha, hivyo hata bati likibanduliwa kwa nguvu hakuna anayeshtuka. Mpango wa ulinzi ulioandikwa karatasini ni ule ule. Macho yaliyokuwa yakiufanyia kazi bila malipo yameingia ndani.

Na bawabu naye? Yeye analipwa, lakini mwili wake ni wa nyama kama wetu. Kufikia saa sita amewasha jiko la makaa ndani ya kibanda cha geti na kuliinamia. Mtu aliyeyakodolea macho makaa mekundu kwa dakika kumi haoni kitu akiinua macho kutazama uani. Jicho huhitaji muda mrefu kuzoea giza upya. Mlango wa kibanda ukifungwa ili joto lisitoroke, hewa ya mkaa inampa usingizi mzito, na wakati mwingine inamuua kabisa. Wenye nyumba wanaolalamika kwamba soja amelala wangeanza kwa kumnunulia koti zito, buti na chupa ya chai, kisha wahamishe jiko hadi mahali ambapo akiota moto atautazama ukuta wa nyuma badala ya kuupa kisogo. Ni gharama ndogo kuliko kamera moja.

Sasa tuuchambue mtambo wenyewe. Polisi jamii ilizinduliwa rasmi nchini mwaka 2005, wakati wa Rais Mwai Kibaki, na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 ikaipa msingi wa kisheria. Jina Nyumba Kumi lilikuja baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, la Septemba 21, 2013. Serikali ya Uhuru Kenyatta iliazima wazo hilo Tanzania, ambako chama cha TANU kilianza kupanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kila kundi likiwa na balozi wake. Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, akakabidhiwa kamati ya kuutekeleza mpango huo. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo alikuwa Joseph ole Lenku, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Kajiado, kaunti yetu hii. Hapo pana kichekesho kidogo: kifungu cha 41 cha sheria ile ya 2011 kinampa gavana uenyekiti wa mamlaka ya ulinzi ya kaunti, kwa hiyo aliyekuwa waziri mpango ukizaliwa ndiye, kwa mujibu wa sheria, aliyepaswa kuketi kileleni mwake nyumbani kwao.

Kenya iliazima hesabu na kukiacha chama. Balozi wa Tanzania alikuwa na chama kilichomwita, kilichompa barua na kilichomuuliza. Mzee wa Nyumba Kumi wa Kenya ananing'inia kati ya minyororo miwili. Mmoja unapanda kwa naibu chifu, chifu, hadi kwa naibu kamishna wa kaunti. Wa pili unaenda kwa mkuu wa kituo cha polisi. Mchana haina neno. Barazani wote huketi meza moja. Saa nane usiku tofauti inajitokeza. Chifu anamjua mzee kwa jina lakini hana gari wala askari wa kutosha. Kituo kina gari, ila afisa wa zamu huenda alihamishwa kuja hapa juzi tu na sauti ya mzee kwake ni ya mtu yeyote. Panapofanya kazi vizuri ni pale ambapo mzee, chifu na mkuu wa kituo wamebadilishana nambari, na kila afisa mpya akaletwa barazani aonwe uso. Jambo dogo hili halimo katika hotuba yoyote ya uzinduzi.

Kisha lipo suala la kumi yenyewe. Kitengela ilikuwa na watu wasiofika 60,000 katika sensa ya 2009. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 150,000. Viwanda vya eneo la EPZ Athi River vilileta wafanyakazi, na wafanyakazi wakaleta ploti: jengo la ghorofa nne, vyumba arobaini, geti moja, wapangaji wanaohama kila kodi inapopanda. Nyumba kumi hapo ni ghorofa moja tu. Ukishuka barabara ya Namanga hadi Isinya na kuacha lami, maboma kumi yanaweza kutapakaa eneo ambalo ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Waliobuni mpango walilijua hili, na tangu mwanzo walieleza kwamba kundi si lazima liwe la nyumba kumi kamili. Kwenye ploti kipimo cha maana ni geti: wote wanaoingilia geti moja. Porini kipimo ni maji na njia: wote wanaonywesha mifugo kisima kimoja, kwa maana hao ndio wanaojua ng'ombe wa nani alipita na nani alikuwa nyuma yake.

Kazi halisi ya kundi ni kujua. Doria ina heshima kubwa kuliko inavyostahili. Jijini Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, polisi walijaribu kuondoa doria ya kawaida katika baadhi ya maeneo, kuiongeza maradufu au zaidi katika mengine, na kuiacha kama ilivyokuwa kwingine. Uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana. Vijana kumi wanaozunguka Milimani na rungu saa saba usiku Julai watafanya hivyo kwa wiki mbili, watapata mafua, kisha watabaki watatu. Daftari la wapangaji halipati mafua. Keateka anayeandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu ya kila anayehamia, na kumpa mzee nakala, amefanya mchana kazi ambayo doria haiwezi kuifanya usiku. Ni lazima nakala hiyo itunzwe vizuri: daftari lenye majina, simu na saa za watu kwenda kazini likiangukia mikono mibaya, mwizi amepewa ramani.

Mfano ulio karibu na huu wetu unatoka Kirkholt, mtaa wa nyumba za halmashauri huko Rochdale, Uingereza, katikati ya miaka ya 1980. Watafiti waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa na hatari kubwa ya kuvunjwa tena, na upesi. Wakawaomba majirani wa karibu, nyumba sita hivi zinazoizunguka ile iliyoibiwa, waiangalie kwa zamu. Wakaziondoa pia mita za umeme na gesi za kuweka sarafu, ambazo zilikuwa benki ndogo ndani ya kila nyumba. Wizi ukapungua kwa zaidi ya nusu. Hilo ndilo somo la msimu wa baridi: watu hawatakaa nje usiku kucha kulinda mtaa mzima, lakini majirani sita wanaweza kuiangalia nyumba moja kwa majuma machache. Ukiibiwa leo, macho machache yaliyobaki yaelekezwe kwako kwanza.

Kuhusu taa, eneo letu lina mtaalamu wake. Richard Turere alikuwa mvulana mdogo akichunga ng'ombe wa baba yake upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako simba walikuwa wakiingia bomani usiku. Alijaribu moto, haukusaidia. Akaweka sanamu ya mtu. Simba walidanganyika usiku wa kwanza, uliofuata hawakudanganyika. Kisha akatambua kwamba wanaiogopa taa inayotembea, yaani mtu mwenye tochi anayezunguka boma. Akachukua betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, akafunga balbu zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED, Marekani, akaeleza. Mhandisi yeyote wa usalama angefaidika na sentensi moja tu ya kazi hiyo: kinachofukuza si mwanga, ni dalili kwamba kuna mtu macho. Kaunti zetu zimesimika nguzo ndefu za mulika mwizi na watu wamezifurahia, nami pia. Lakini taa isiyo na mtu chini yake humsaidia mwizi kuona kufuli. Kwenye ua wa ploti, balbu inayowaka mtu akipita ni bora kuliko inayowaka usiku wote, kwa sababu aliye ndani, chini ya blanketi, anaona pazia limebadilika rangi.

Hapo tunafika kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote: kutoka kushuku hadi kuthibitisha. Mnamo Agosti 8, 2021, vijana wanne waliuawa na umati huko Enkamuriak, Kitengela, wakidhaniwa kuwa wezi wa mifugo. Jamaa zao walisema hawakuwa wezi. Walikuwa wamepotea njia. Wenyeji walikuwa wamechoshwa na kuibiwa mifugo, na hasira hiyo ilikuwa na sababu. Lakini ukilitazama kifundi, mfumo ulifanya hatua mbili za kwanza, kuona na kuita, na ukakosa ya tatu. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza: ninyi ni nani, mnaenda kwa nani, tumpigie simu huyo. Baridi huongeza hatari hii. Nje kukiwa na watu wengi, mgeni anaulizwa na kumi tofauti kabla ya kufika penye shaka, na mmoja wao huenda anamjua binamu yake. Nje kukiwa kutupu, mtu wa kwanza anayekutana naye ni yule aliyetoka kitandani kwa kamsa, na hofu yake bado ina moto.

Sheria iko wazi. Sura ya 75, Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, vifungu vya 34 na 35, inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa zito mbele yake, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimruhusu kumpiga. Kila kundi linapaswa kuwa na watu wawili, mwanamke na mwanamume ikiwezekana, ambao kamsa ikipigwa hawabebi chochote isipokuwa simu na tochi; mmoja anauliza, mwingine anapiga simu kituoni na kusubiri kwenye laini.

Ujumbe wenyewe nao una ufundi wake. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu, ujumbe unaosema wezi wamevamia, amkeni, huamsha mapanga. Ujumbe unaosema Probox nyeupe imesimama karibu na tangi la maji, watu watatu, saa nane na robo, taa zimezimwa, huamsha akili, na afisa wa zamu anaweza kuuandika katika kitabu cha matukio kama ulivyo. Mwenyekiti wa kundi awe na haki ya kufuta wa kwanza.

Kwa mifugo, usiku wa boma ni sehemu ndogo ya hadithi. Mbuzi aliyeibiwa saa saba anahitaji gari, barabara ya Namanga na mnunuzi kabla ya kucha. Kisheria anahitaji pia kibali cha kusafirishwa. Na mnunuzi ndiye anayeuvuta wizi: Kenya ilipofungua machinjio ya punda kuanzia 2016, wafugaji walilalamika kwamba punda wao wanaibwa, na Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akayapiga marufuku, ingawa baadaye mahakama ilitengua uamuzi huo. Mzee anayejuana na wachinjaji wa Kitengela na kuwatumia picha ya chapa alfajiri hiyo hiyo anafanya zaidi ya morani ishirini wanaofuata kwato kwenye udongo mkavu wa Agosti, ambao upepo umeshaufagia.

Na mzee huyu, anayeweka daftari, anayepokea simu saa nane, anayepanda boda kwenda barazani, kwa miaka yote hii ameifanya kazi kwa kujitolea. Muda wa maongezi ananunua yeye. Mwenye ploti anayekusanya kodi ya vyumba arobaini kila mwezi anaweza kuweka mia mbili kwa kila chumba kabla ya Juni, zitoshe simu, makoti ya mabawabu na betri ya taa, na risiti zibandikwe getini.