Sebene Haisamehe

Kuna wimbo unaopigwa Goma nzima siku hizi, toka baa za Himbi hadi kwa wauza simu wa Birere, na kila anayeutaja anasema kazi ni ya kimataifa. Ukiuliza kwa nini ni ya kimataifa, unaambiwa kijana aliyeurekodi ameachana na Windows, sasa anatumia Mac. Basi. Wamesifu mashini. Sijasikia mtu hata mmoja akisema neno juu ya gitaa la mi-solo, ambalo katika sebene yote, ile sehemu ya magitaa na kucheza, duru baada ya duru, linaingia nyuma ya gitaa la solo kwa umbali uleule, kama mlevi anayemfuata mkewe nyumbani. Gitaa linapigwa vizuri, tena na mtu anayejua. Limewekwa mahali pasipo pake, na aliyeliweka hapo analipwa sifa.

Kwa hiyo acha niseme ninachosikiliza mimi, kwa faida ya wanaotaka kuhamisha studio zao za chumbani kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na ya wasikilizaji wanaopenda kutoa alama.

Kila mtu anajua kuchelewa kwa aina ya kwanza. Unaimba, unajisikia kwenye kaske baadaye kidogo, unakasirika, fundi anashusha bafa kutoka 512 hadi 128. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 ni karibu milisekunde 12, na sauti inapita bafa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Bafa ya 128 ni karibu milisekunde 3. Hilo linazungumzwa hata na watoto, na si hilo ninalolalamikia.

Ninalalamikia kuchelewa kusikosikika wakati wa kurekodi. Mpiga gitaa anacheza juu ya biti iliyokwisha kuwekwa. Sauti yake inapita kwenye kadi ya sauti, inafika kwenye programu ikiwa imechelewa, na programu inatakiwa kuirudisha nyuma hadi pale mkono ulipogusa waya. Irudishe kwa kiasi gani? Inaiuliza draiva ya kadi. Draiva ikijibu kweli, gitaa linakaa mahali pake. Draiva ikidanganya, gitaa linakaa pembeni, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kwenye Windows swali hilo lilijibiwa na ASIO ya kadi yako, au na ASIO4ALL kwa wale wa njia za mkato. Kwenye Mac linajibiwa na Core Audio. Kadi ni ileile, kebo ni ileile, lakini anayejibu amebadilika. Kijana wetu alihama na kadi yake akadhani amehama na kila kitu.

Milisekunde 10 ni sampuli 441. Hewani, ni mwendo wa sauti wa mita 3 na nusu hivi. Wajuaji husema: lakini jukwaani watu husimama mbali zaidi ya hapo! Ndiyo, na jukwaani wanasikilizana na kusukumana. Chumbani wanarekodi mmoja baada ya mwingine. Solo imewekwa ikiwa imechelewa 10. Mpiga mi-solo anaifuata solo kama anavyoisikia, naye anawekwa na 10 zake: sasa ana 20 juu ya ngoma. Wa gitaa la akompanyema akimfuata huyo, hesabu mwenyewe. Katika wimbo wa kuimba polepole kwa kinanda, deni hilo linapita bila kuonekana. Katika sebene, ambapo magitaa matatu yanagawana nafasi ndogo kuliko ukucha, muziki unakuwa mzito miguuni na mchezaji anakaa chini bila kujua sababu.

Kuna jaribio, na halihitaji pesa. Chukua kebo, toa sauti kwenye tundu la kutokea la kadi, uirudishe kwenye tundu la kuingilia. Weka mlio mmoja mkavu kwenye traki ya kwanza, urekodi kwenye ya pili, kisha uvute picha mpaka uone sampuli mojamoja. Milio miwili inapaswa kusimama pamoja. Ukikuta wa pili umechelewa sampuli 300, ingia kwenye mipangilio uurudishe nyuma sampuli 300. Reaper ina kisanduku cha namba hiyo, Cubase inacho, Logic inacho. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Studio ninayoingia mimi naangalia kwanza kama kebo hiyo fupi ipo mezani. Isipokuwepo, sihitaji kusikiliza monita zao.

Na ukiwa msikilizaji tu, bila kebo? Sikiliza kama kuchelewa kunabadilika. Mkono wa mtu huchelewa kwa makusudi: unavuta kwenye ubeti, unakaza sebene inapofunguka, unalegea mwimbaji anapotaja majina ya watu. Mashini huchelewa sawasawa kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Namjua mzee mmoja wa Katindo, aliyepiga besi katika orkestra miaka ya themanini, ambaye huletewa kazi na vijana ili awape maoni. Huwageuzia mgongo, anakataa kabisa kuangalia skrini, anaomba vipimo vinne vya mwanzo na vinne vya mwisho. Safari moja alisikiliza gitaa ambalo wote chumbani walikuwa wanamlaumu mpigaji wake, akasema: "Mwacheni mtoto. Hapa anayechelewa ni waya."

Kinyume cha mzee huyo ni tapeli, na tapeli wa siku hizi hutumia kipanya. Akiambiwa gitaa limechelewa, hatafuti sababu. Anakata kila nota na kuiburuta hadi kwenye mstari, kwa macho. Sasa hata ule uzito wa makusudi, ule ambao mi-solo inauweka nusu ya nywele nyuma ya solo ili mtu acheze, umenyooshwa. Halafu anakutoza dola nyingine kwa kazi hiyo na kuiita "mastering".

Mengine ya kuhama ni mepesi. Kabla ya kuuza laptopu ya zamani, toa kila traki kama WAV ya biti 24, zote zianzie kipimo cha kwanza hata kama zina ukimya wa dakika mbili, na uandike tempo kwenye jina la faili. Usitegemee faili ya mradi. Logic haiko Windows tangu Apple ilipoinunua Emagic, waundaji wake, mwaka 2002, Cakewalk uliyoizoea haikuwahi kuwa nyumbani kwenye Mac, na ingawa FL Studio ilifika rasmi kwenye Mac mwaka 2018, plagini zako za kukraki hazitafika. Zile za biti 32 ndizo zilizokufa kabisa, kwani macOS ya 2019 ilizifungia mlango. Na Logic haifungui VST, inataka AU.

Programu ipi basi? FL Studio ni ya biti, si ya magitaa, na sitaki ubishi. Logic ni nzuri kwa mtu asiyewaza kurudi. Kwa Goma nasema Reaper: inakaa Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na inaingia hata kwa intaneti yetu. Najua dola 60 si kitu kidogo, na tangu benki zilipofungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kulipa kwa kadi kumekuwa kumwomba ndugu wa Kigali au Nairobi. Mwombe. Programu iliyokrakiwa itakuaga siku mwimbaji yuko mlangoni.

Rekodi kwa betri. Chomoa chaja, sikiliza ule mngurumo ulivyoondoka, kisha uniambie bado unataka plagini ya kusafisha kelele. Chumba kiwe cha mbao. Nyumba zetu za mbao zilizojengwa juu ya lava ya volkano ya 2002, ambazo wenye pesa wanazionea aibu, zinashinda sebule yoyote ya saruji na vigae. Mbao inameza besi, saruji inairudisha usoni pako. Mvua ikianza kwenye mabati, nendeni mkale.

Wazee walifanya kazi bila haya yote. Mwimbaji Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane waliporekodi "Marie-Louise" mwaka 1948 kwa ajili ya lebo ya Ngoma, kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, hakukuwa na traki ya kurudia. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, Likasi ya leo, kidole gumba na kidole cha shahada vikiwa orkestra nzima. Sikiliza rekodi hizo leo: kelele zipo, besi ni chache, na kila nota iko pale mkono ulipoiacha. Wakati huo kumiksi kulikuwa kumwambia mtu asogee nyuma hatua moja. Walizoea kusikilizana kwa sababu hawakuwa na namna nyingine, na sijui kama kizazi hiki kingevumilia wiki moja.

Limebaki la mikro. Wengi huanza nalo ndiyo maana nimeliweka mwisho. Usinunue ile ya kondensa ya bei ya chini inayouzwa na mkono wake na sponji yake kwenye boksi moja; itarekodi jirani, jogoo na jenereta ya jirani wa pili. Nunua Shure SM58, na hapo Birere watakuuzia ya bandia kwa uso mkavu. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi, na nyingi za bandia ni nyepesi. Nenda na mizani ndogo, ile ya wauza dhahabu, uiweke juu ya meza ya muuzaji kabla hujauliza bei. Wengine watakumbuka ghafla kwamba mikro hiyo imeshauzwa.