Dhiki na Faraja: Neno la Mtume Paulo katika Nchi ya Migodi

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozoeana kama chanda na pete, nayo ni dhiki na faraja. Yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu. Huko asili ya la kwanza ni wembamba, mahali pa kubanwa. Asili ya la pili ni kufunguka, mwanya upatikanao palipozibwa. Kwa ujirani huo tukapata mithali isemayo kuwa baada ya dhiki ni faraja. Na katika karne ya 10 al-Tanukhi, kadhi wa Iraki, alikusanya kitabu kizima cha habari za watu waliofunguliwa baada ya kubanwa.

Msomaji wa pwani aweza kuyatumia maneno haya maisha yake yote asiikumbuke asili yao. Msomaji wa Kahama au wa Geita hana nafasi hiyo. Tarehe 5 Oktoba, 2015, ardhi iliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, mkoani Shinyanga. Wachimbaji watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 za kutafuna mizizi, mende na vyura, na kunywa maji machafu. Hapo dhiki ilikuwa wembamba halisi, na faraja ilikuwa tundu lililochimbwa kwa mikono ya wenzao.

Kwa macho ya nchi hiyo nataka tuusome mlango wa kwanza wa Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Katika aya tano tu, ya 3 mpaka ya 7, matini ya Kiyunani yarudia neno la faraja, likiwa jina au kitendo, mara 10. Mhakiki mwenye haraka angesema kuwa huu ni uhaba wa maneno. Siafikiani naye. Kila lirudipo, neno hilo limekwisha badili mkono: latoka kwa Mungu, lafika kwa mitume, lapita kwa Wakorintho, wala halitulii kwa yeyote. Hupokezanwa kama mifuko ya mawe inavyopandishwa kutoka ndani ya duara.

Neno lenyewe la Kiyunani lina asili tofauti na letu. Maana yake ya kwanza ni kuitwa uje ukae kando ya mtu. Wafasiri wa Biblia ya Union ya 1952 walipoandika faraja, waliupoteza wito huo wakapata mwanya. Kwa dhiki walibahatika zaidi, maana Kiyunani nacho chataja kubanwa na kugandamizwa. Siwalaumu, hapana neno lingine ambalo lingewafaa zaidi. Lakini faraja huvuta nyuma yake mithali yetu, na mithali yasema baada ya. Paulo hasemi hivyo. Asema katika. Katika aya ya 8 akiri kuwa huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Kweli, aya ya 10 yatuambia kuwa aliokolewa. Lakini faraja alikwisha itaja mapema, mzigo ungali juu yake.

Tofauti hii ndogo ndiyo kipimo changu kwa nyimbo za kwaya. Tangu misheni ya Africa Inland ilipopokea kituo cha Nassa mwaka 1909, Usukuma umekuwa nchi ya waimbaji, na sifa ya kwaya ya AIC Shinyanga imevuka mipaka ya mkoa. Hata hivyo nyimbo nyingi za maombolezo nizisikiazo zaifuata mithali, hazimfuati mtume. Ubeti wa kwanza wataja kifo; kiitikio kimekwisha fika mbinguni. Mwezi wa Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga. Jamaa walingoja kwa majuma, na wengi wao walikabidhiwa maiti. Mama aliyeketi penye mdomo wa shimo siku ya tisa, asiyejua kama ni mzazi wa aliye hai au wa marehemu, wimbo wa namna hiyo wamwambia nini? Wampita.

Mwimbaji aweza kunijibu kuwa tumaini la ufufuo ndilo kiini cha imani, na kwamba ukiliondoa, faraja yabaki kuwa kampani tu. Ni hoja nzito, wala sitaki liondolewe. Paulo naye amtaja Mungu afufuaye wafu, katika aya ya 9. Lakini ile ya 8 aliiandika kwanza.

La ajabu ni kuwa wanakwaya hao hao hulala msibani. Huteka maji, hupasua kuni, husonga ugali, hukaa mkekani pamoja na wafiwa bila ya kusema neno, na yote hayo huyatenda kabla hawajaimba. Beti zao bado hazijayataja.