Kabla Tui Halijaingia

Vyombo vya chakula cha usiku vikishaoshwa, shangazi yangu huketi mkekani ukumbini, ungo mapajani, akachagua maharage ya kesho. Hayamwagi yote kwa pamoja. Huweka konzi moja upande wa juu wa ungo, akaanza kuyasukuma kwa kidole cha shahada, mawili matatu kwa wakati mmoja, kuja upande wa chini. Hakuna punje inayopita bila kuonwa. Iliyotobolewa na dumuzi inakwenda pembeni. Iliyonyauka inakwenda pembeni. Kijiwe chenye rangi ya haragwe, na vipo vilivyofanana nalo kama pacha, kinatupwa kwenye kifuu cha nazi kilicho miguuni pake. Akimaliza hupepeta mara tatu, vumbi likaondoka na upepo wa mlangoni, kisha maharage yanamiminwa kwenye beseni. Kilo moja humchukua kama robo saa, na katika robo saa hiyo sijawahi kumwona akiharakisha mkono.

Anaishi Tanga, Ngamiani, nyumba ya watu sita, na kwa miaka mingi likizo zangu nimezimalizia jikoni kwake. Watu wanaosifia mapishi ya pwani huanza na biriani, wakaja kwenye pilau, wakamalizia na samaki wa kupaka. Hivyo ni vyakula vya kualika wageni. Mimi nimekuwa nikitamani kuandika juu ya chakula cha Jumanne: maharage ya nazi, mchicha, ugali wa dona, na kipande cha ndimu pembeni mwa sahani. Ni chakula cha fedha kidogo, kinashibisha, kinajenga mwili, na mpishi asiyekijua anaweza kukiharibu tangu sokoni.

Kwa sababu kazi inaanzia sokoni. Maharage ya Tanga mengi hushuka kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako kuna baridi inayoyafaa. Wauzaji wa Mgandini huyapanga kwa rangi: mekundu, ya njano, yenye madoa. Wataalamu wana majina yao, na majina hayo yana ramani ndani yake. Lyamungu 90 ni ya kituo cha utafiti kilichoko Kilimanjaro, na Uyole 96 ni ya kule Mbeya. Shangazi haulizi jina. Anauliza, "Haya ni ya mavuno gani?" Kisha anachukua punje moja anaiuma. Haragwe jipya linapokea jino, linaacha alama. La zamani linakataa, au linapasuka vipande.

Swali hilo ni la uchumi mtupu. Haragwe lililokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi, hubadilika ndani mwake likawa gumu kulainika. Unaweza kulichemsha tangu asubuhi hadi alasiri na bado ukalitafuna kama kokoto. Muuzaji atakupunguzia bei, nawe utaona umepata, lakini kilichopungua kwenye mizani utakilipa kwenye mkaa. Shangazi hupiga hesabu ya maharage na moto wake kwa pamoja. Sijui kwa nini wengi wetu huzipiga mbalimbali.

Usiku maharage yanalowekwa kwenye maji yanayoyafunika mara mbili au tatu ya kimo chake, kwa kuwa yatavimba. Asubuhi ngozi imenyooka, punje imejaa. Maji yale ya usiku yanamwagwa kwenye mpapai ulioko uani, hayarudi sufuriani. Yamekwisha kubeba sehemu ya zile sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, zinazofika chini zikachachushwa na bakteria na kuleta gesi. Anayelalamika kwamba maharage yanamjaza tumbo, mara nyingi amepikiwa na mtu aliyelala bila kuloweka.

Maji mapya, jiko la mkaa, na moto wa mwanzo uwe mkali. Hapa hana mzaha. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana protini iitwayo lektini inayoweza kumtapisha mtu vibaya sana. Mchemko wa nguvu wa dakika kumi na zaidi huiua, ila joto la uvuguvugu haliigusi hata likikaa saa nyingi. Kwa hiyo sufuria yake hutokota kwa kishindo kama nusu saa, kifuniko kikicheza. Baada ya hapo ndipo anapofanya jambo ambalo mara ya kwanza lilinishangaza. Anaiepua sufuria ikiwa bado inatokota, anaiweka ndani ya kikapu kikubwa kilichoshindiliwa mablanketi makuukuu, anaifunika kwa mto, kisha anachota makaa yake na kuyafukia kwenye jivu ili yasiungue bure. Kikapu kinaendelea na kazi chenyewe. Yeye anakwenda kufua. Akirudi baada ya saa mbili na ushee, maharage yameiva robo tatu ya safari yake bila kula hata kipande cha mkaa.

Nayasema haya nikijua kwamba kuna mazungumzo makubwa juu ya nishati nchini. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha huko asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona macho ya wanawake waliopikia moshi miaka arobaini. Lakini waulize wenye mitungi ya gesi kwa nini jiko la mkaa bado liko uani, na wengi watakujibu neno moja: maharage. Wanaogopa mtungi utaisha. Kikapu cha mablanketi kinamjibu mtu huyo, na kinakaa vizuri na gesi kama kinavyokaa na mkaa. Sufuria ya presha nayo inamjibu, kwa aliyenayo.

Yakitoka kikapuni yanarudishwa jikoni kwa moto wa wastani, na sasa unakuja mpangilio ambao ndio ufundi wenyewe: nini kinatangulia, nini kinasubiri.

Nilijifunza thamani ya mpangilio huo kwa njia ya uchungu, nilipoanza kupanga chumba Dar es Salaam. Nilikuwa na haraka, nikakata nyanya nne nikazitia sufuriani pamoja na maharage tangu mwanzo, nikidhani ladha itaingia vizuri zaidi. Saa mbili usiku yalikuwa magumu. Saa tatu yalikuwa magumu. Mkaa uliisha, nikaenda kununua mfuko mwingine kwa jirani, na tulikula saa tano kasorobo, mimi na mgeni wangu, maharage ambayo kiini chake bado kilikuwa kikisaga chini ya meno. Kesho yake nilimpigia shangazi. Hakunicheka. Alisema tu, "Nyanya ina ukali, mwanangu. Ukali unalikaza haragwe. Liache kwanza lijisalimishe."

Baadaye nilisoma sababu yake, nikaona alivyoisema sawasawa. Kuta za chembechembe za haragwe zimeshikizwa kwa pektini, gundi ileile inayogandisha jemu. Kuiva ni gundi hiyo kulegea na kuyeyuka. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju inaizuia isiyeyuke. Haragwe likishalainika, asidi haina tena cha kukaza, na hapo nyanya inaleta utamu na rangi bila madhara.

Chumvi nayo yeye huichelewesha, kama walivyomfundisha, akiamini kwamba inakaza. Katika hili sikubaliani naye, na nimemwambia kwa heshima zote. Chumvi kidogo kwenye maji ya kuloweka hulegeza ngozi ya haragwe. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, na chumvi yake imeendelea kuingia mwishoni. Maharage yake ni matamu kuliko yangu, kwa hiyo nimeacha kubishana. Kwenye magadi, hata hivyo, tuko upande mmoja. Magadi yanalainisha haraka kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na mtu aliyeloweka usiku hayahitaji.

Jinsi anavyojua kwamba yameiva ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Haonji kwanza. Huchota moja kwa mwiko, akalipuliza. Ngozi ikijikunja na kuchanika kwa pumzi tu, limekaribia. Kisha analiweka kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, analibinya polepole: litandike kama siagi, lisiwe na punje ya chenga katikati. Hurudia kwa matatu kutoka sehemu tatu za sufuria, juu, katikati na chini, kwa kuwa sufuria haiivi sawa kila mahali.

Yakishafaulu mtihani huo, kabla tui halijaingia, anayagawa. Nusu inahamishiwa bakuli kubwa pamoja na mchuzi wake wa chumvi tupu. Nilidhani miaka yote ile kwamba anaweka akiba kwa ajili ya mtu atakayechelewa. Sababu ni nyingine. Maharage yaliyotiwa nazi hayakai. Kwa joto la Tanga, yaliyolala nje yanaamka yamechacha. Yaliyochemshwa na kubaki matupu, yakapozwa haraka kwenye beseni la maji na kuhifadhiwa kwenye friji ya jirani mwenye umeme wa uhakika, yanakuwa chakula cha pili: kesho yanakaangwa kwa kitunguu yaliwe na chapati, au yanaingia kwenye makande. Moto mmoja umepika siku mbili. Watu wengi wanaopika kilo nzima kwa nazi kwa mara moja, kisha wakala kiporo kilichoanza kuchacha au wakakimwaga, hukosa hapa tu, kwenye dakika hii moja ya kuhamisha.

Sasa nazi. Anaikalia mbuzi kwa upande, akakuna kwa mizunguko mifupi, akiacha mara tu weupe unapokwisha. Ukikwangua hadi kwenye ngozi ya kahawia, tui linakuwa jeusi na lenye ukakasi. Nazi moja inatosha nusu kilo ya maharage. Maji ya vuguvugu kidogo sana, mikono inakamua, kifumbu kinachuja, na linatoka tui la kwanza, kasimele, zito kama maziwa ya mtindi. Hilo linawekwa kando. Anatia maji tena kwenye chicha na kukamua tui la pili, jepesi, na hili ndilo linaloingia kwanza kupikia kitunguu, nyanya, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, inayoleta harufu bila kuunguza watoto.

Kasimele huingia mwisho. Kuanzia hapo shangazi haongei na mtu. Moto unapunguzwa, upawa unachota na kurudisha, unachota na kurudisha, juu kwa juu, hadi mchuzi uanze kutoa mapovu madogo ukingoni. Akiacha mkono utulie kabla ya hapo, tui linakatika: mafuta huku, maji kule, na mabonge meupe katikati. Mara tu linapochemka kwa upole, dakika tatu nne, anaepua. Rangi inakuwa ya udongo mwekundu uliochanganywa na maziwa, na harufu inafika kwa jirani wa nyumba ya tatu.

Mchicha haumchukui dakika kumi. Anauosha ukiwa mzima, ndipo anaukata, kwa sababu ukiuosha baada ya kuukata, uzuri wake unakwenda na maji. Kitunguu, mafuta kijiko kimoja, mchicha, kifuniko, basi. Mafuta yale kidogo yana kazi yake, maana ile rangi inayogeuka kuwa vitamini A mwilini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Ugali ni wa dona, unga usiokobolewa, wenye kiini na ganda lake. Huununua kidogo kidogo kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha ukikaa.

Halafu vinakutana sahanini. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na maharage yanayo tele. Maharage yana upungufu wa methionini, nayo mahindi yanaifidia. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa maharage makavu ni protini. Ndimu inayokamuliwa juu mezani, sasa kwa kuwa haiwezi tena kukaza kitu, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Bibi zetu waliipanga sahani hii bila maabara, kwa kuangalia nani ananawiri na nani anadhoofu.

Wiki iliyopita nilipika kwangu, nikampigia simu ya picha aone sufuria. Tui halikukatika, rangi ilikuwa ile ile ya kwake, nami nilijua hivyo na nilitaka aseme. Alisogeza uso karibu na kioo, akatazama kimya kwa muda.

"Umetenga kiasi gani kabla ya nazi?"

"Bakuli mbili, shangazi."

"Haya. Basi usiku huu huu roweka mahindi."