Mto Usiokauka

The River Between nilikisoma mara ya kwanza shuleni, nikakipasi bila kukielewa. Swali lilikuwa lile lile: jadili mgongano wa tamaduni. Unachora mstari katikati ya karatasi. Huku Joshua na Ukristo wake, kule Chege na mila, halafu Waiyaki unamweka katikati akivutwa mikono yote miwili. Basi, umepata alama zako.

Juzi nimekirudia, safari hii kwa Kiswahili, katika tafsiri iitwayo Njia Panda, nikiwa Mai Mahiu nangoja gari la Narok. Pa kukisomea ndipo hapo. Mji wenyewe ni njia panda: barabara inayoteremka kutoka upande wa Nairobi inagawanyika, moja Naivasha, nyingine Narok. Jina la mji ni la Kikuyu, maana yake maji moto. Mlima unaouangalia, Longonot, jina lake limetoka kwa Wamaasai. Hotelini dereva wa lori alikuwa anaagiza chapo madondo kwa lafudhi ya Mombasa, na mzee mmoja mwenye shuka alikuwa anabishana na simu kwa Kimaasai. Mgeni angeandika kwamba ameona tamaduni anuwai. Kwa wenyewe ilikuwa saa ya chakula tu.

Ngũgĩ wa Thiong'o, siku hizo akiitwa James Ngugi, aliiandika riwaya hii akiwa mwanafunzi wa Makerere, ikatoka 1965. Kuna jambo ambalo ule mstari wa mtihani ulinificha. Migongo yote miwili ya vilima, Kameno na Makuyu, ni ya Wakikuyu. Lugha ni moja na mto ni mmoja. Tofauti anazozichambua Ngũgĩ zinaanzia ndani ya nyumba.

Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka vyote viwili: abaki na Yesu wa babake, na apashwe tohara kama wasichana wa rika lake ili awe mwanamke machoni pa watu wake. Anakufa kwa kidonda hicho. Joshua anakiona kifo chake kama onyo kwa wanaorudi nyuma. Chege anakiona kama adhabu kwa Joshua. Kila mzee ana utamaduni wa kuusemea, na msichana ndiye aliyeulipia. Hapo ndipo riwaya ina nguvu, na ndiyo maana bado nawashauri watu waisome: neno utamaduni halina maana moja kwa anayelisema na kwa anayelipa gharama yake.

Mama wa hoteli aliliona jalada. "Hiki si kile cha Waiyaki? Kwani bado watu wanakisoma?"

Nikamuuliza anakumbuka nini.

"Ule mto," akasema. "Ati haukauki. Sasa mto gani huo?"

Alikwenda zake kuhudumia meza nyingine, akaniacha na kasoro ambayo sikuwahi kuiona. Ni kweli, Honia haukauki. Unapita bondeni mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na jina lake lina maana ya kuponya. Kwa kuwa maji yapo siku zote, wahusika wana nafasi ya kugombania imani, elimu na viapo. Maji yenyewe hayagombaniwi na mtu.

Mai Mahiu si hivyo. Januari 2005, wafugaji Wamaasai na wakulima Wakikuyu walipigana hapa kwa sababu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Wafugaji walilalamika kwamba maji yamekingwa huko juu kumwagilia mashamba, na ng'ombe huku chini hawana cha kunywa. Zaidi ya watu kumi waliuawa, na wengi wakahama makwao. Ni rahisi kusema tamaduni ziligongana. Lakini kwa hilo moja watu hawa walielewana vizuri sana: wote walitaka maji yale yale. Kwa mfugaji, utamaduni ulikuwa ni ng'ombe kufika mtoni. Kwa mkulima, ulikuwa ni shamba kuota. Ngoma na shanga hazikuwemo.

Ndiyo maana sasa naona mfasiri, kwa jina alilochagua, ametupoteza kidogo. Njia panda ni jina zuri la masaibu ya Waiyaki. Ila kwenye njia panda wote mmesimama mahali pamoja, na kila mtu anachagua pa kwenda. Mto hauko hivyo. Mto una wa juu na wa chini, na wa juu akifunga, wa chini hana uchaguzi. Hata Ngũgĩ mwenyewe, pamoja na kuubakiza mto kwenye jina, aliiweka migongo yake ikitazamana kwa usawa, kana kwamba tofauti zetu siku zote ni za majirani waliolingana.

Kitabu nakirudisha rafuni kwa heshima. Swali la mtihani ndilo ningelibadilisha. Kabla ya kumwambia mtoto ajadili mgongano wa tamaduni, ningemwambia achore mto, aonyeshe nani amekaa juu na nani amekaa chini. Halafu ndipo tuzungumze habari za utamaduni.