Pikipiki ya Kukodi Kasongo: Ipime kwa Mteremko

Mtu akifika Kasongo, mashariki mwa Kongo, akatafuta pikipiki ya kukodi hadi Kabambare, swali lake la kwanza huwa moja: je, ina nguvu ya kupanda? Ana haki ya kuuliza, ila jibu halimsaidii kuchagua. Karibu kila pikipiki ya motari iliyo nzima itapanda. Zinapotofautiana ni kwenye kushuka, na kushuka ndiko kunakovunja watu.

Njia yenyewe ni ya zamani. Misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilipitia Kabambare, na Livingstone alikwama hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, mwanzoni kwa vidonda vya miguu. Ni zaidi ya kilomita 100, na hadi leo ni udongo: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi mvua zikianza.

Tupige hesabu ya kupanda. Pikipiki ya kilo 120, motari na abiria wa kilo 70 kila mmoja, gunia la kilo 50: jumla kilo 310. Kwenye mlima unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100, mzigo huo unavutwa nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 46 hivi. Kuupanda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kunataka nguvu farasi tatu na nusu, na zaidi kidogo kama udongo ni laini. Boxer ya cc 150 inatoa nguvu farasi 12, na hata injini ya kawaida ya cc 100 ina saba au nane. Kwa hiyo nguvu ipo.

Tatizo ni kuifikisha kwenye tairi la nyuma wakati mwendo ni mdogo. Zile nguvu farasi 12 za Boxer hupatikana injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, na hakuna anayepita kwenye mifereji na mawe akiwa amekaza moto kiasi hicho. Ndiyo maana ninauliza pinyo ina meno mangapi kabla ya kuuliza cc. Pinyo ya meno 14 ikivuta kurone ya meno 42, gurudumu linapata mvuto mara 3. Weka pinyo ya meno 13 na mvuto unafika mara 3.23, nyongeza ya karibu asilimia 8. Mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kama hicho, na katika njia hii hutaukumbuka. Pinyo ni kipande kidogo ambacho fundi hukibadili chini ya mti, na faida yake mlimani ni kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye tangi.

Sasa geuza pikipiki itazame bondeni. Zile kilo 310 zikishuka kimo cha mita 100 huku mwendo haubadiliki, kuna nishati ambayo lazima iishie mahali. Ikiachiwa freni peke yake, joto lake linatosha kuchemsha lita moja ya maji. Pikipiki nyingi za kukodi zina freni za ngoma, na joto hilo linafungiwa ndani yake: vitambaa vya freni vinaungua na kung'aa, kisha unakanyaga na pikipiki haipunguzi mwendo. Dawa ni kuteremka katika vitesi ya kwanza au ya pili, moto umeachiwa, injini yenyewe ishikilie mzigo. Kwenye udongo uliolowa faida ni kubwa zaidi, kwa sababu injini inazuia gurudumu polepole, wakati freni ikishikwa kwa hofu hulifunga ghafla na pikipiki ikalala.

Hapa ndipo skuta inapoanguka, ingawa kwa barabara za lami ni chombo kizuri sana. Skuta haina vitesi za kuchagua. Inaendeshwa kwa mkanda, na ambreyaje yake hushika kutokana na mzunguko wa injini. Ukishuka taratibu, injini inatulia, ambreyaje inaachia, na chombo kinajiviringisha huru bila chochote cha kukizuia isipokuwa freni. Mkanda nao ukiingiwa na maji ya kijito unateleza. Ongeza magurudumu ya inchi 10 au 12, ambayo huzama kwenye mashimo ambayo gurudumu la inchi 17 linayapita. Kwa mitaa ya Kasongo wakati wa kiangazi ningeikubali. Nje ya mji, hapana.

Yamaha AG100 inahitaji neno la pekee, kwa kuwa ilijenga heshima yake katika misheni na mashirika, na wazee wanaiamini. Cheni yake imefunikwa isiingie mchanga, ina kariya mbele na nyuma, na inapanda vizuri. Lakini injini yake ni ya mipigo miwili, na injini ya namna hiyo hushikilia kidogo sana kwenye mteremko. Tena inakula oili kutoka tangi lake la pembeni. Likikauka, pistoni inakwama. Mimi ningechukua TVS HLX 125 au Boxer, za mipigo minne: ya cc 125 kwa watu wawili na begi, ya cc 150 kwa mwenye magunia ya kufikisha Salamabila, katika eneo la Kabambare.

Kabla ya kulipa, nenda asubuhi uiguse injini. Iwe baridi. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiamsha mapema, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Vuta cheni kwa kidole nyuma ya kurone: ikiachana na meno, imekwisha, na meno yaliyopinda yatakuthibitishia. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea inatoa sauti butu. Kisha panda nayo mwinuko katika vitesi ya tatu ukikaza moto. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, ambreyaje inateleza na haitafika Kabambare. Mwisho tafuta mteremko, mpakie rafiki nyuma, shuka katika vitesi ya kwanza bila kugusa freni, usikie kama inashika au vitesi inaruka.

Bei ya siku watu huipatana haraka. Yanayogombanisha ni mengine: nani analipa ambreyaje ikiungua njiani, nani ananunua chambrea, siku za kulala kwa sababu ya mvua zinahesabiwaje, na kama mwenye pikipiki anaruhusu pinyo ya meno 13 ifungwe. Hayo yaandikwe kwenye karatasi mbele ya shahidi, pamoja na hati za pikipiki utakazoonyesha kwenye barieri, siku moja kabla ya safari, ili fundi apate muda wa kuifunga hiyo pinyo na kukaza cheni.