Mafuta Nayo ni Kipuri

Ufundi wa kufufua injini kuukuu ya mashine ya kukatia majani hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya spana na grisi, ilhali sehemu yake iliyo ngumu hufanyika kabla spana haijaguswa, kwa sababu injini ya aina hiyo hudai mambo matatu tu, yaani mafuta, cheche na mgandamizo, na fundi aliyekomaa ni yule ajuaye lipi alitilie shaka kwanza. Katika Butihinda, komini ya Burundi iliyokuwa katika mkoa wa Muyinga, inayopakana na Tanzania na ambayo mgawanyo wa utawala wa mwaka 2025 umeitia katika mkoa mpya wa Buhumuza, shaka hiyo haina budi kuanzia kwenye mafuta.

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi kupitia Kobero, kituo cha mpakani kilichomo ndani ya komini hiyo, lakini kuwa kando ya njia si kuwa na petroli, kwani uhaba wa miaka ya karibuni umeifanya iuzwe kwa magendo katika chupa na vidumu, ikiwa imekaa muda usiojulikana na kupita mikono isiyojulikana. Petroli iliyokaa hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi, na kile kinachobaki huungana na oksijeni ya hewa kikawa ulimbo unaoziba jeti, yaani kitundu chembamba cha kabureta kinachopima mafuta. Ndiyo maana fundi huitengeneza petroli kabla ya kuitengeneza injini: huiacha itulie katika chupa angavu mpaka maji, yaliyo mazito kuliko petroli, yajitenge chini, huichuja, kisha hudondosha tone juu ya karatasi nyeupe, nalo likiacha doa la mafuta baada ya kukauka, basi imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli.

Hapo injini ya zamani huonyesha uungwana ambao injini mpya imeupoteza. Injini zenye valvu kando ya silinda, zilizoenea katika mashine za majani kwa miongo mingi ya karne ya 20, hugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta mara 5 au 6 tu, na kwa hiyo huvumilia petroli dhaifu ambayo ingeigongesha injini yenye mgandamizo mkubwa. Isitoshe, kabureta zake nyingi zina sindano ya kurekebishwa kwa mkono, na jambo hilo si dogo katika nyanda za juu: mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa huwa imepungua uzito kwa takriban asilimia 14, hata injini iliyorekebishwa pwani hufika huko ikinywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Fundi huikaza sindano kidogo kidogo, akisikiliza mngurumo mpaka utulie, kisha huifungua kidogo tena, kwa kuwa injini iliyonyimwa mafuta huchemka.

Cheche ina adabu yake. Sumaku iliyomo katika gurudumu la injini hupita karibu na koili na kuzalisha umeme, nayo platini, yaani vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, huukata umeme huo ghafla ili plagi, ambayo wengi nchini Burundi huiita buji, itoe cheche. Pengo la platini huwa karibu nusu milimita, na kutu isiyoonekana vizuri kwa macho yatosha kuizima mashine nzima.

Ni kweli kwamba majani ya Butihinda hukatwa zaidi kwa fyekeo na panga, kwa hiyo injini kama hii hutamaniwa kwa kazi nyingine, hasa pampu ya maji. Lakini mhimili wake huelekea chini, na anayeilaza ubavu ili izungushe pampu huifanya oili iliyokusudiwa kurushwa ndani ikusanyike upande mmoja, pistoni ikasuguana na silinda kavu.

Injini itakayokaa bila kazi hufungwa koki ya tangi na kuachwa ingurume hadi kabureta ikauke, kisha petroli iliyobaki hunyonywa ikapewa pikipiki, kwani Butihinda hakuna petroli ya kumwaga.